Jiwe la Kijana Aliyezama mwaka 1944: Shajara ya Mradi, Mvumi, Dodoma

Machi 2025

Mradi huu una lengo moja: kusimamisha jiwe la ukumbusho kijijini kwetu, upande wa Mvumi katika Wilaya ya Chamwino, kwa ajili ya kijana wa ukoo wetu aliyeondoka Ugogo wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, akawa mpiga mzinga katika jeshi la Afrika Mashariki, na akafa bila mwili wake kurudi wala kaburi lake kujulikana. Nimepewa ukatibu, na kazi yangu ni kuandika kila hatua ili ndugu walioko mbali na wote wanaochanga wajue tumefika wapi. Jina la marehemu sitaliandika humu. Wazee wameomba lisomwe kwa mara ya kwanza mbele ya jiwe lenyewe, na ombi hilo nimelikubali kwa moyo wote.

Tulichonacho mkononi ni kidogo. Dada yake wa mwisho, ambaye sisi tunamwita Bibi, yupo hai. Alikuwa mtoto wa kuchunga ndama wakati kaka yake anaondoka. Yapo masimulizi ya ukoo kwamba marehemu alipigwa risasi Burma, na wapo wazee wanaoimba hivyo katika ngoma. Tena ipo barua moja, ambayo Bibi ameitunza katika kasha la bati pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake.

Aprili 2025

Bibi ametukubalia kuisoma barua na kuipiga picha. Ni karatasi moja iliyoandikwa pande zote mbili kwa penseli ya zambarau, ile ambayo ikiguswa na maji hugeuka wino, na kwa kweli mistari miwili ya chini imeshatawanyika kwa sababu ya unyevu. Mwandiko ni wa mtu aliyesoma shule ya misheni na aliyefundishwa kuandika taratibu. Anaanza kwa kumsalimu baba yake, anauliza kama mvua zimenyesha na kama yule ng'ombe mwekundu amezaa, kisha anaeleza kazi yake kwa fahari isiyofichika: kwamba mzinga mmoja una watu sita, kila mtu na zamu yake, na akikosea mmoja wote wamekosea. Yeye alikuwa mwenye kupokea kombora na kulitia.

Katikati ya ukurasa kuna tundu la mstatili, limekatwa kwa wembe kingo zake zikiwa zimenyooka. Barua za askari zilisomwa na maofisa kabla ya kutumwa, na jina la mahali au habari ya safari iliondolewa ili isimfikie adui. Aliyekata alikuwa akiuangalia upande mmoja tu. Upande wa pili, mahali hapo hapo, marehemu alikuwa akituma salamu, na wembe ule umechukua jina la mtu aliyekuwa akisalimiwa. Yamebaki maneno "nisalimie sana" na, baada ya tundu, "mwambie asichoke kungoja". Ndugu wamebishana jioni nzima kama ni mchumba au ni mdogo wake wa kiume aliyekuwa akimdai ndama. Bibi anasema ni mchumba, na kwamba binti huyo aliolewa baadaye kwingine kwa heshima, na kwamba hatutamtaja. Imebaki hivyo.

Mei 2025

Suala la umri limetuchukua muda, na naona linastahili kuelezwa. Hakuna aliyeandika tarehe ya kuzaliwa kwake. Bibi anarudia maneno ya mama yao, kwamba kaka alikuwa mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya Mtunya. Kwa msomaji ambaye si wa huku, Mtunya ni njaa kuu iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita hapa katika Vita ya Kwanza. Kondoa ilitwaliwa na kikosi cha van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza, mwezi Aprili 1916, na Dodoma yenyewe ikaangukia mikononi mwake mwishoni mwa Julai mwaka huo huo. Kila jeshi lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana baadaye, maghala yalikuwa tayari matupu na wenye nguvu za kulima walikuwa hawapo.

Baba wa marehemu alikuwa mmoja wa waliochukuliwa upagazi, na akarudi. Mzee huyo alinusurika vita moja na njaa yake, akazaa mtoto, na mtoto akachukuliwa na vita iliyofuata. Ndiyo maana nimependekeza, na kamati imekubali bila ubishi, kwamba jiwe lisiandikwe mwaka wa kuzaliwa wa kukisia. Litasema alizaliwa baada ya Mtunya. Mtu yeyote wa Ugogo atakayelisoma atajua ni lini, na atajua pia alizaliwa katika nyumba ya namna gani.

Kwa hesabu hiyo alikuwa na umri wa miaka 23 hivi, au 24, alipokufa.

Juni 2025

Habari kubwa imepatikana, nayo imebadilisha mambo mengi.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inatunza orodha ya waliokufa katika vita zote mbili, na orodha hiyo inapatikana kwa mtu yeyote kwenye intaneti. Binamu yetu anayefanya kazi Nairobi alitafuta humo kwa jina la marehemu pamoja na jina la baba yake, akampata katika kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, Kikosi cha 301. Kijiji na wilaya vimeandikwa sawa na tunavyovijua. Kisha akaenda mwenyewe hadi kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Ngong, ambapo kuna ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi linalojulikana, akalikuta jina limechongwa katika safu ya wenzake. Alitutumia picha. Kidole chake kimeonekana pembeni mwa picha, kimeelekezwa kwenye herufi ya kwanza.

Tarehe ya kifo ni 12 Februari 1944. Tarehe hiyo haihusiani na Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo wazee huitaja, iliingia katika mapigano ya bonde la Kabaw baadaye katika mwaka huo wa 1944 na ikafika mto Chindwin mwezi Desemba. Mwezi Februari vijana wa Kikosi cha 301 walikuwa bado njiani, baharini.

Nimeyakusanya yanayojulikana kuhusu safari hiyo, nayo ninayaweka hapa kwa urefu kwa sababu ukoo wetu haukuwahi kuyasikia. Meli iliitwa Khedive Ismail. Ilijengwa Scotland na kumalizika mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikauzwa baadaye kwa kampuni ya Misri, na vita ilipoanza ikatwaliwa kuwa meli ya kubeba askari. Mwanzoni mwa Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, ikielekea Colombo katika kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka, ikiwa katika msafara wa meli tano za askari zilizolindwa na manowari. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301. Wengine walikuwa mabaharia wa jeshi la Uingereza, wafanyakazi wa meli, wauguzi na wanawake wengine wa huduma za jeshi.

Siku ya Jumamosi tarehe 12, baada ya saa nane mchana, msafara ukiwa kusini-magharibi mwa Maldivi karibu na mstari wa Ikweta, nyambizi ya Japani yenye namba I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Wengi walikuwa vyumba vya chini, na ngazi za kupandia zilivunjika au kulala upande. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni 214, wanawake sita tu miongoni mwao. Ni miongoni mwa misiba mikubwa kabisa ya baharini iliyowapata watu wa upande wa Washirika katika vita ile, na hapa kwetu, ambako vijana kama wetu walitoka, sijawahi kuikuta katika kitabu chochote cha shule nilichofundishia.

Julai 2025

Kikao cha ukoo kimefanyika, nacho kilikuwa kigumu.

Baba Mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa wanaume waliobaki, alisikiliza taarifa yangu hadi mwisho, akakaa kimya, kisha akasema: "Wanangu, sisi tumeimba miaka yote kwamba alipigana. Leo mnasema hakufika hata kwenye vita. Jiwe hilo litamwinua au litamshusha?" Wazee wawili walimuunga mkono. Walitaka jiwe liandikwe kwamba alifia vitani Burma, kwa kuwa ndivyo baba zao walivyoambiwa na ndivyo nyimbo zinavyosema.

Nilijibu kwa adabu, na nitarudia hapa nilichosema kwa kuwa ndicho kiini cha mradi huu. Jiwe la ukumbusho likisema uongo hata kwa nia njema, mtu anayekumbukwa si yeye tena; ni mtu mwingine tuliyemtunga. Kijana wetu alijifunza kazi ya mzinga, akaifanya kwa fahari, akapanda meli aliyoamriwa kupanda, na akafia kazini. Kwamba adui alimkuta baharini kabla hajafika nchi kavu hakumpunguzii kitu. Wenzake wa Nairobi waliochongwa katika safu moja naye walikufa vivyo hivyo, na hakuna aliyeona haya kuwaandika.

Ubishi ulitulia pale Bibi alipoomba kusema. Yeye hakuzungumzia heshima wala nyimbo. Aliuliza maswali. Kwanza aliuliza kama maji yale yalikuwa ya baridi, kwa kuwa yeye hajaiona bahari, na maji mengi anayoyajua ni ya bwawa wakati wa kipupwe. Nikamwambia ni bahari ya joto, karibu na Ikweta. Kisha akauliza kama waliokuwa majini walitafutwa.

Hapa kulikuwa na jambo ambalo kamati ilikuwa imejadili kama aambiwe au asiambiwe. Nyambizi ile ilijificha chini, mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, zililazimika kuchagua kati ya kuwaokoa watu na kuizuia isizipige meli nne zilizobaki. Petard iliangusha mabomu ya kulipuka chini ya maji wakati watu walikuwa bado wanaogelea. Baadhi waliofaulu kutoka ndani ya meli waliuawa na mabomu hayo. Nyambizi ililazimishwa kupanda juu, Paladin ikajeruhiwa ubavuni ilipogusana nayo, na mwishowe Petard ikaizamisha kwa topido. Manowari zilirudi kuwaokota waliobaki.

Nilimwambia yote. Niliona kwamba mtu aliyengoja habari za kaka yake kwa miaka zaidi ya 80 ana haki ya kuzipata zikiwa nzima. Alisikiliza akiwa ameshika ncha ya kanga yake, akasema, "Mjukuu wangu, basi walikuwa na kazi mbaya hata wale wa juu." Baada ya hapo Baba Mkubwa alisema jiwe liandikwe kama lilivyo katika karatasi za Nairobi, na nyimbo ziachwe ziimbwe kama zinavyoimbwa. Uamuzi huo umeandikwa katika kumbukumbu za kikao na kutiwa sahihi.

Neno jingine lililojadiliwa ni "alijitolea". Vijana walipenda liwepo. Lakini Bibi anakumbuka jumbe alipita na orodha, na wengine wanakumbuka kwamba marehemu alikwenda mwenyewe Dodoma mjini kwa miguu kujiandikisha kwa ajili ya mshahara. Barua haisemi. Neno hilo limeondolewa, na jiwe litasema alitumikia.

Agosti 2025

Serikali ya kijiji imetoa kibali cha eneo, kando ya makaburi ya ukoo. Mtendaji alitusaidia kwa haraka. Hesabu za michango zimesomwa mbele ya wanaukoo na hazina mgogoro.

Kamati ilitembelea makaburi ya vita yaliyo Dodoma mjini, ambako wamelala askari wa majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini wa Vita ya Kwanza, ili kuona jinsi mawe yale yalivyopangwa na kuandikwa. Yanatunzwa vizuri, kila mtu na jina lake na tarehe yake. Nilitoka pale nikiwaza juu ya wapagazi. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita ile, wengi wao wapagazi wa Afrika Mashariki, hawakuandikwa majina popote. Waliwekewa sanamu tatu za pamoja, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, ambazo hazina jina la mtu hata mmoja. Baba wa kijana wetu, kama angelifia njiani mwaka 1916 akiwa na mzigo kichwani, leo tusingekuwa na mahali pa kuanzia kumtafuta. Mwanawe ana jina kwenye ukuta wa Nairobi. Tofauti hiyo ya kizazi kimoja inanifanya nione kwamba kuwa na jina lililoandikwa ni mali, na kwamba sisi tuliobahatika kulikuta tuna wajibu wa kulileta nyumbani.

Septemba na Oktoba 2025

Kazi ya jiwe imeanza. Kulikuwa na pendekezo la kununua marumaru nyeupe iliyokwisha kung'arishwa, kama wanavyofanya wengi siku hizi makaburini. Tumechagua jiwe la kwetu, lile gumu la kijivu lenye chembe za kumeta ambalo vilima vyote vya Dodoma vimejengwa nalo, kwa kuwa linastahimili jua na mvua, na kwa kuwa marehemu alilichezea utotoni.

Fundi tuliyempata huchonga mawe ya misingi na ya mipaka, na alitueleza mapema kwamba jiwe hili halichongiki kama marumaru. Nilishinda naye asubuhi moja akijaribu herufi kwenye kipande kilichobaki. Anachora kwanza kwa chaki na rula, anaweka tindo kwa mshazari, anapiga kwa nyundo ndogo mapigo mepesi mfululizo, na baada ya kila herufi anapuliza unga na kupitisha kidole ndani ya mfereji kupima kina. Herufi yenye mstari ulionyooka hutoka vizuri. Herufi za mviringo ndizo zinazomtesa, kwa sababu chembe kubwa ya jiwe ikikaa kwenye ukingo hung'oka nzima na kuacha shimo. Kila baada ya herufi chache tindo huwa butu na lazima linolewe. "Bibi, shikamoo," alimwambia Bibi alipopitishwa hapo kuangalia, "nipunguzieni maneno, nami nitawaandikia maneno ya kudumu."

Tumeyapunguza. Sala iliyopendekezwa imeondolewa kwenye jiwe na itasomwa na mchungaji siku ya kulifunua. Yamebaki jina lake na la baba yake. Kwamba alizaliwa Ugogo baada ya Mtunya. Kwamba alitumikia kama mpiga mzinga katika Kikosi cha 301 cha Mizinga ya Afrika Mashariki. Na kwamba alizama na meli Khedive Ismail katika Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari 1944. Jina la meli litachongwa kama lilivyo, ili mtu anayetaka kujua zaidi aweze kulitafuta.

Novemba 2025

Msingi wa zege umemwagwa na kumwagiliwa maji kila siku mpaka umekomaa. Jiwe litasafirishwa kabla mvua hazijakolea, kwa kuwa korongo la njiani likishajaa hakuna gari litakalopita. Siku ya kulifunua imewekwa Alhamisi, 12 Februari 2026. Baadhi walishauri tusubiri kiangazi, wakati watu wamemaliza kulima na kuvuna, na hoja yao ina uzito. Bibi amesema tarehe ni hiyo, na watakaokuwa shambani watakuja na majembe yao. Barua itarudishwa katika kasha lake. Nakala ya picha itawekwa shuleni, ambako wanafunzi wa kidato cha tatu wameanza kuchora ramani ya safari kutoka Kilindini.

Katika orodha ya Kikosi cha 301 nimekuta majina mengine ambayo kwa sura yake, na kwa vijiji vilivyoandikwa kando ya baadhi yake, ni ya watu wa lililokuwa Jimbo la Kati: Wagogo, Warangi, Wanyaturu. Kamati imeniruhusu kuanza kuwatafuta ndugu zao. Barua za kwanza zimekwenda kwa wachungaji, mapadre na maimamu upande wa Kondoa na Singida, kila moja ikiwa na picha ya safu ya majina kutoka Nairobi. Kama katika ukoo wako yupo kijana anayesemwa alifia Burma lakini hakuna mwenzake yeyote aliyerudi akasema alimwona kule, tafuta jina lake pamoja na la baba yake katika orodha ya Tume, kisha utazame tarehe ya kifo. Ikiwa ni 12 Februari 1944, alikuwa katika meli moja na wa kwetu, na tungependa mje mkae nasi siku hiyo Mvumi.